Mama Taja na Jani la Isale

Jina la Mama Taja alilipata kwa watoto. Mektrida, mjane wa kijiji kimoja cha mlimani juu ya Moshi, alifundisha dini watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya kwanza. Wawili wakipigana na mmoja akanung'unika "samahani", aliuliza, "Samahani ya nini? Taja." Aliyekwisha kutaja alitakiwa pia kurekebisha: aliyevunja kalamu ya mwenzake alimpa yake. Baadaye hata watu wazima walimwita hivyo, naye hakukasirika.

Mwaka 1996 bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na wengi walipanda nyanya za kuuza soko la Kiboriloni. Thadeus, mdogo wa marehemu mume wa Mektrida, alitaka nafasi karibu na mfereji. Mektrida alipolazwa hospitali kwa wiki tatu, Thadeus aling'oa masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mipakani, akayapanda upya hatua nne ndani ya kihamba, shamba la nyumbani la shemeji yake.

Kwa miezi minane hawakusalimiana. Ardhi ilimuuma Mektrida, lakini lililomnyima raha zaidi ni sala. Akiwa mbele ya watoto, Baba Yetu ilimshinda. Alifika "kama tunavyowasamehe na sisi" akakohoa, watoto wakamalizia wenyewe. Alimwendea katekista Yohana.

"Chuki unaweza kuiacha leo, bila kumsubiri Thadeus," Yohana alimwambia. "Amani yenu wawili ndiyo inayomngoja aseme kweli."

Jumamosi moja ya Kwaresima, Thadeus alifika uani ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Kwa mila ya Wachagga, anayeletewa isale hakatai kusamehe, hata kama kosa ni zito. Thadeus alilitegemea hilo.

"Hodi, shemeji. Nimeleta isale. Mambo yaishe."

"Karibu. Nimelipokea. Mambo gani?"

"Ah, shemeji! Mimi si mtoto wa Komunyo. Isale haliulizwi maswali."

"Isale limenizuia mimi kukukataa. Wewe halijakuzuia kusema."

Thadeus alicheka kidogo, kisha akaacha. Aliketi kwenye kigoda.

"Nilihamisha mpaka ukiwa umelazwa. Nilijua huna wa kukutetea. Nitang'oa nyanya kesho."

"Vuna kwanza. Kisha urudishe masale."

Mektrida alidhani yamekwisha. Thadeus hakuinuka.

"Na wewe, Mama Taja? Taja."

Mektrida aliligeuza lile jani mikononi.

"Umesikia?" aliuliza.

"Mke wangu aliambiwa sokoni."

"Niliwaambia wanawake wa jumuiya kwamba kaka yako alipozidiwa, ulikataa kumpeleka hospitali. Nilijua ni uongo. Wewe ndiye uliyembeba."

"Mpaka barabarani," Thadeus alisema taratibu. "Mvua ilikuwa inanyesha."

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe. Lakini wale wanawake bado wanaamini."

Kanuni hiyo alikuwa ameifundisha Mektrida mwenyewe. Alimwomba Thadeus siku chache tu.

Alhamisi iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwake. Baada ya rozari alisimama, akaeleza alichokisema kuhusu shemeji yake na kwamba hakikuwa kweli. Justina, jirani yake wa miaka mingi, aliuliza, "Sasa kwa nini ulitudanganya?"

"Kwa hasira. Nilitaka mmchukie pamoja nami."

Hakuna aliyempongeza. Alipoombwa kuongoza Baba Yetu ya kufunga, aliisali yote, polepole. Wanawake wawili waliondoka bila kunywa chai, naye aliwasindikiza hadi njiani kama wengine.

Aliporudi alikusanya vikombe, akaviosha kwa maji ya moto, akavisuuza, akavipanga kimoja kimoja juu ya kichanja. Kisha akamwaga maji machafu kwenye shina la mgomba, akalianika beseni.