Wazee wa Kajiado walivyokataa kumaliza kuonja craft beer niliyowapelekea

Wakuu, salamu kutoka Kitengela.

Mimi husoma nyuzi zenu sana lakini kuandika huwa naogopa. Hii nimeiandika pole pole, kidogo wakati wa chai, kidogo jioni, mpaka imeisha. Sijaongeza chumvi. Asiyeamini aulize mtu yeyote wa Kajiado jinsi wazee wa huko walivyo wajanja.

Kazi yangu ni kukata mawe ya kujenga kwa machine. Mimi ni Mkamba, shule niliishia darasa la nane, na si mtu wa maneno. Nikiwa na jambo la kumwambia mtu mkubwa, huwa nalisema kwanza nikiwa kazini. Ile machine ina kelele, kwa hivyo naweza kujaribu maneno yote na hakuna anayesikia.

Girlfriend wangu anaitwa Nasieku. Anashona nguo hapa mjini. Kwao ni nje kidogo ya Kajiado, ni Wamaasai, na mwaka huu alinipeleka kwa baba yake.

Mzee alinipokea vizuri. Niliinamisha kichwa kama wanavyosalimu kwao, akakigusa, akanipa kiti. Halafu akanieleza mambo ya kwao. Kijana akitaka msichana, analeta asali, inapikwa pombe, wazee wanakunywa. Wakikubaliana kwa mdomo mmoja kwamba pombe ni nzuri, ndipo maneno ya ndoa yanaanza. Kabla ya hapo hakuna anayetaja ng'ombe, hakuna anayetaja siku.

"Lakini asali ya siku hizi siiamini," akasema. "Ile ya barabarani ni sukari imechemshwa. Wewe niletee pombe. Tena si ile ya kiwanda, inayokuja na lori. Nataka pombe ambayo nikikuuliza imepikwa na nani, unanitajia mtu."

Nikasema, "Sawa, mzee."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu yote.

Tukirudi, Nasieku akaniambia kitu ambacho hakutaka kuniambia mbele ya watu. Shangazi yake wa Rombo amempata mwanaume, mfanyabiashara wa vitunguu, ana lori yake mwenyewe. Vitunguu vikishavunwa, shangazi anakuja naye nyumbani.

"Baba amesemaje?" nikauliza.

"Hajasema. Baba hakatai mtu. Anangoja tu aone nani atamaliza mambo yake kwanza."

Wakuu, hapo ndipo niliona hii pombe si mchezo.

(Najua kuna mtu tayari anaandika "si ungepeleka chang'aa". Tulia ndugu. Nilitaka bibi, sikutaka kesi ya pombe haramu.)

Binamu yangu Kioko ndiye aliyenisaidia. Kioko ni fundi wa bomba na anajua kila baa ya Kitengela, kwa sababu anasema huko ndiko mifereji huharibika zaidi. Akaniambia kuna mahali wanapika bia yao wenyewe, nyuma ya baa, kwenye mitungi mikubwa ya chuma. Hiyo ndiyo inaitwa craft beer. Anayepika ni kijana anaitwa Brayo, anavaa gumboots kama mtu wa kuosha magari.

Nikafikiri, basi. Mzee akiuliza imepikwa na nani, nitasema Brayo.

Tulienda Jumamosi mchana, mimi, Kioko na Nasieku. Nasieku hanywi, ni mtu wa kanisa, lakini alisema pua yake haijaokoka, kwa hivyo atanusa.

Brayo akatuletea kipande cha ubao chenye mashimo, na katika kila shimo glasi ndogo. Akatufundisha. Kwanza unaangalia rangi. Unanusa. Unachukua kidogo, unaiacha ulimini kabla ya kumeza. Halafu unakunywa maji, unatafuna mkate mkavu, unaenda kwa nyingine. Kioko alimeza glasi ya kwanza yote wakati Brayo bado anaeleza.

Ya kwanza ilikuwa ya ngano. Ina ukungu, kama maji uliyosuuzia sufuria ya uji, lakini inanukia ndizi zilizoiva. Tamu, nyepesi. Kioko akasema hii ni bia ya kunywa ukingoja bia.

Ya pili nyeusi kabisa. Nilidhani itakuwa kali, lakini ni laini. Kahawa, halafu moshi kidogo. Nasieku aliinusa, akainusa tena. Akasema inanukia kibuyu cha maziwa cha mama yake, kile kinachosafishwa kwa mkaa wa mti.

Ya tatu chungu. Nilifikiri nimekosea nikanywa sabuni. Mwanzo inanukia maganda ya machungwa, unajipa moyo, halafu uchungu unakushika nyuma ya ulimi na hauachilii. Hata mkate haukusaidia. Nikaiweka upande wa reject.

Ya nne ilikuwa ya asali. Rangi ya dhahabu, utamu wa mbali, ukimeza unabaki na harufu ya maua. Nikajua nimefika nyumbani. Mzee alitaka ya asali, na hapa kuna mtu anaitwa Brayo ameipika kwa asali. Nini tena?

Nasieku ndiye aliyesema nipeleke zote. "Wazee wetu ukiwapa kitu kimoja watauliza vingine umeficha wapi."

Brayo akanijazia chupa kubwa za kahawia, moja kwa kila aina. Nikapanda Kajiado.

Wazee walikuwa wamekaa nje ya boma, kwenye kivuli cha nyumba, baba ya Nasieku na wenzake wa rika lake. Mmoja wao nitamtaja sana, anaitwa Mzee Lemayian. Huyo ni mrefu, amekonda, na kila anachosema anakisema kama anatoa hukumu. Mama ya Nasieku akaleta vikombe vya bati na kukaa mlangoni na shanga zake.

Nikawaeleza kuhusu kuangalia, kunusa na kuweka ulimini. Nilifanya mazoezi ya maneno hayo wiki nzima kwenye machine.

Lemayian akaniangalia. "Kijana, unanifundisha kunywa?"

Nikakaa chini.

Ya ngano waliimaliza bila kusema kitu, isipokuwa mmoja aliyesema ni nzuri kwa mtu aliyetoka hospitali.

Nikaleta ile ya asali kwa mikono miwili. Baba ya Nasieku akachukua kidogo. Akaangalia mbali kule mbuzi walikokuwa.

"Nyuki alipita hapa," akasema, "lakini alikuwa na haraka."

Wote wakacheka. Wakuu, nilihisi masikio yanachomeka. Yaani bia niliyoitegemea ndiyo ilianguka kwanza.

Nyeusi ikaja. Lemayian akanusa, akafunga macho. "Hiki ni kibuyu cha mama yangu," akasema. "Yuko wapi huyo Brayo? Ni wa ukoo gani?"

Halafu ile chungu. Nilitaka kuificha, lakini walishaiona. Baba ya Nasieku akanywa, uso ukakunjana, nikajua sasa nimefukuzwa. Kumbe ule uso ulikuwa wa furaha.

"Hii ni supu!" akasema.

Mnajua Wamaasai wanaweka magome na mizizi michungu kwenye supu ya nyama. Mtu mzima bila ile supu hajioni amekula. Mimi nilikuwa nimebeba kitu nilichokiita sabuni, na wazee wakaona dawa ya magoti. Mmoja alisimama na kukaa tena, akasema tayari goti la kushoto limesikia.

Sasa shida. Baba ya Nasieku alisema pombe nzuri ni ile chungu. Lemayian akasema ni nyeusi. Wengine wakagawanyika. Na lazima iwe mdomo mmoja.

"Lete tena," mzee akaniambia. "Leo tumeonja, hatujakunywa."

Siku nyingine nikaleta tena. Nyeusi na chungu tu.

Walikunywa mpaka jua likaenda upande mwingine wa nyumba. Mwishowe Lemayian akasema amefikiri sana na ameona chungu ndiyo nzuri. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Hapo baba ya Nasieku akasafisha koo.

"Mimi pia nimefikiri," akasema. "Nyeusi."

Walikuwa wamebadilishana, wakuu. Kama watu waliobadilishana viatu.

Mara iliyofuata walikubaliana jambo moja tu, kwamba pikipiki niliyokuja nayo imeitikisa bia na kuipotezea akili. Lakini hawakuimwaga. Waliinywa yote ili wajue imepotea kiasi gani.

Wakati huo Nasieku ananiambia vitunguu vya Rombo vimeanza kung'olewa. Shangazi amepiga simu kuuliza kama baba yake atakuwa nyumbani.

Nikiondoka siku hiyo, mama ya Nasieku alinisindikiza mpaka kwenye ua wa miiba. Yule mama haongei sana, tunafanana kidogo. Akaniambia, "Mtoto wangu, hawa hawatamaliza kuonja. Wewe ungekuwa wao, ungemaliza?"

Akarudi kwa shanga zake.

Niliyafikiria hayo maneno kazini siku nzima, mpaka mawe mengine nikayakata yakaenda upande.

Jioni nikaenda kwa Brayo. Nikamuuliza kama ana ile chungu, lakini ambayo mtu anaweza kunywa siku nzima na akili ibaki mahali pake. Brayo akacheka. Akasema anayo, anawapikia madereva wa Namanga. Non-alcoholic. Tuliionja mimi na Kioko pamoja na ile yenyewe, glasi kwa glasi. Harufu ni ile ile ya machungwa, uchungu ni ule ule unaoshika nyuma ya ulimi. Tofauti ni kwamba hii ni nyepesi kidogo ukimeza, kama mtu anayeanza sentensi na kuikatiza. Kioko alikunywa nyingi kuhakikisha, halafu akalalamika kwamba amepotezewa wakati.

Nikajaza chupa zote hiyo moja.

Wazee walifurahi kuniona. Hata walikuwa wameongezeka, kulikuwa na mmoja mpya ambaye walisema aliletwa kuamua. Nikamimina.

"Leo ni yenyewe," akasema baba ya Nasieku.

"Leo Brayo ametuheshimu," akasema Lemayian.

Wakanywa. Wakasifu. Wakaongea habari za mvua, za fisi, za mtoto wa nani aliyeuza shamba la nani. Siku zile zingine, wakifika kikombe cha tatu, mmoja huanza kuimba. Siku hii hakuna aliyeimba. Wakaendelea kumimina wakiangaliana kidogo kidogo.

Mwishowe Lemayian akasimama. Akatembea mpaka zizi la mbuzi na kurudi, amenyooka kama fimbo yake. Akasimama mbele yetu na kuangalia miguu yake.

"Hii miguu yangu," akasema, "imekataa kulewa."

Mlangoni mama akavuta shuka mpaka mdomoni. Mabega yalikuwa yanatingishika.

Baba ya Nasieku akageuka pole pole akaniangalia. Wote wakaniangalia. Ilikuwa wakati wa kusema yale maneno niliyoyajaribu kwenye machine, na hapa hakukuwa na kelele yoyote, hata mbuzi walinyamaza.

"Mzee," nikasema, "hii haina kileo. Lakini ladha ni ile ile. Nimeona nyinyi mnaonja tu, kwa hivyo nikaona kileo mnaweza kukingoja mpaka mmalize kuonja."

Nikaangalia chini. Kusema kweli nilikuwa nahesabu njia ya kutoka kwenye ule ua.

Yule mzee mpya ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakohoa, akapigwa mgongo. Halafu wengine. Lemayian hakucheka, alikuwa bado amesimama, akasema, "Mkamba ametupikia maji kama ndama tunaoachishwa kunyonya." Ndipo akacheka naye.

Baba ya Nasieku alingoja wote wanyamaze.

"Ile chungu ilikuwa nzuri," akasema. "Tangu siku ya kwanza."

"Ilikuwa nzuri," akasema Lemayian.

"Ilikuwa nzuri," wakasema wengine, mmoja mmoja, na hakuna aliyetaja nyeusi.

Mzee akaniambia nikija tena nije na watu wangu wa kuongea kwa niaba yangu, maana mimi nikiongea nina hatari. Na nije na kondoo wa mama, kama desturi yao inavyotaka.

Lemayian akauliza, "Na huyo kondoo, hatumwonji kwanza?"

Mama akajibu kutoka mlangoni, bila kuinua kichwa kutoka kwa shanga. "Huyo ni wangu. Nitamwonja peke yangu, mara moja."

Shangazi wa Rombo alikuja baadaye na mgeni wake. Wakapewa chai, wakaacha gunia la vitunguu. Mambo yalikuwa yamekwisha.

Nilichojifunza ni hiki, wakuu. Mtu akipenda swali kuliko jibu, usigombane naye. Mpunguzie tu utamu wa swali, atajibu mwenyewe. Na kwa bia, usipeleke ile unayoipenda wewe. Peleka zote, ulimi wa kila mtu ulilelewa jikoni kwao.

Sasa nyinyi mliooa au kuolewa, wakwe waliwapima kwa kitu gani, na mlitokaje? Na wale mmeonja craft beer, nani mwingine anakunywa ile chungu kwa hiari yake? Andikeni hapo chini. Nitasoma zote, ila kujibu nitachukua muda.