Sentensi Tatu kwa Mwandiko Mzuri

Madam alikuwa Mchina, mwenye duka la makava ya simu mtaa wa Naif, huko Uarabuni, nami nilikuwa muuzaji wake. Mchana duka likifungwa, badala ya kuniacha nipumzike, alinigeuza mwalimu wa Kiingereza. Alikuwa na mtihani mbele yake. Sikumpenda hata kidogo.

Siku hiyo alileta vitenzi vya taabu: suffer, endure, undergo. Vilimchanganya, maana kwao, alisema, husema tu mtu anakula uchungu. Uchungu gani, nikawaza, mbona namwona anakula bata? Nikamweleza hivyo hivyo kwa kinyongo: suffer ni kuumia, endure ni kuumia na bado ukasimama, undergo ni kupitia jambo zito, kama mgonjwa anayepasuliwa.

Alikuwa na desturi ya shule za kwao: mimi nitunge sentensi, yeye ainakili mara kumi ndipo imkae. Na mimi nilikuwa na langu moyoni. Mama yangu alikuwa apasuliwe tumbo Alhamisi, huko Tanga, na pasi yangu ya kusafiria ilikuwa imefungiwa kwenye droo ya madam. Nilikwishaomba ruhusa mara mbili, akajifanya hasikii. Basi nikamtungia kwa Kiingereza: mama yangu atapasuliwa Alhamisi, ninateseka kwa sababu madam amefungia pasi yangu, siwezi kuvumilia tena. Nilidhani, mjinga mimi, kwamba mtu hawezi kuandika jambo mara kumi lisimguse.

Akaandika polepole, kwa mwandiko mzuri wa kuonea wivu. Nilimkazia macho mstari kwa mstari, nikingoja mkono usite. Haukusita. Alipomaliza akanisogezea daftari.

"Kuna kosa?"

"Hakuna, madam. Lakini umeelewa ulichoandika?"

"Nimeelewa. Sentensi nzuri. Ila Alhamisi kontena linaingia, khalas, yameisha."

Akanywa chai yake. Nilitamani kumwagia ile chai usoni.

Alhamisi nilishusha maboksi tangu asubuhi. Dada yangu alinisimulia baadaye: mama aligoma kuingizwa chumba cha upasuaji kabla hajaniona, akawa anatazama mlango tu, ikabidi wamdanganye kwamba nimeshatua uwanja wa ndege. Akafurahi, akakubali kuingia. Hakutoka hai, na yule mwanamke sijamsamehe mpaka leo.