Jino Lililoshika Rangi

Laiti ningemrudishia ile chupa palepale. Karani mwenzangu katika kituo cha kununulia majani ya chai, karibu na Mogogosiek, alinipa dawa ya kusukutua kinywa huku akicheka. "Weka mfukoni, bwana. Ukipiga busaa, sukutua. Mama watoto atanusa mnanaa tu."

Nikaipokea. Ilikuwa miaka ya tisini. Kanisa letu lilikataza pombe kabisa, na mke wangu aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, mimi ya nne.

Miezi michache nyuma nilikuwa nimevunja jino la mbele nikitafuna mahindi ya kuchoma. Daktari wa meno mjini Kericho alitaka kuling'oa, mke wangu akakataa. Nyanya yake, aliyeng'olewa meno mawili ya chini kwa desturi ya zamani, alimtania: "Mimi nilikuwa na pengo na bado niliolewa!"

"Kogo, lako ni la chini," mke wangu akamjibu. "La huyu likitoka, nitaimba na nani?"

Basi likazibwa kwa dawa nyeupe. Hukuweza kulitofautisha na mengine.

Jioni nyingi, nikitoka kituoni, nilipitia kwa mama pima, muuza busaa, kisha nikasukutua kando ya shamba la chai na kutema. Kabla mwaka haujaisha, jino lile likawa na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Nikarudi kwa daktari.

"Unasukutua na nini?"

"Dawa tu, daktari. Kidogo."

"Kidogo cha kila siku? Jino lako ni zima, mzee. Hiki kizibo ndicho kinachoshika rangi. Nitakibadilisha, lakini uache hiyo dawa."

Kuacha dawa kulikuwa kuacha busaa, au kunuswa. Sikuacha chochote, na kwa daktari sikurudi.

Nikaanza kufunga mdomo ili jino lisionekane. Kwaya niliiacha kwa kisingizio cha koo. Nyumbani mimi na mke wangu tulikuwa na mazoea yetu: yeye akikama, mimi nikimshika ndama, tukiimba wimbo wa Jumapili ijayo, hadi jirani wa ng'ambo ya bonde akatuitikia. Bado nasikia maziwa yakigonga ndoo kwa mapigo ya wimbo. Hilo nalo nikaliacha. Akinitania, nilitazama pembeni.

Siku moja zizini akaniuliza, "Baba watoto, nimekukosea nini?"

"Hakuna."

"Mbona hata kucheka umeninyima?"

"Nimechoka tu."

Kutaja jino kungemfikisha kwenye chupa, na chupa ingemfikisha kwenye busaa. Hakuuliza tena.

Busaa niliacha baada ya kumzika. Kizibo kimebadilishwa, ni cheupe kama kile cha kwanza. Lakini mke wangu aliishi miaka yake ya mwisho akiamini kwamba nilikuwa nimemchoka, akafa akiamini hivyo, na mimi ndiye niliyemwacha aamini.