Bi Rukia na Nyota Mbili

Leo nimefanywa mnajimu, jamani.

Nimekaa zangu barazani hapa Malindi baada ya alasiri, nasahihisha madaftari ya fizikia. Akaja jirani yangu, Bi Rukia, na karatasi yenye majina mawili: la mjukuu wake na la mchumba.

"Mwanangu, nasikia wasomesha nyota. Hebu nitazamie kama za hawa zapatana."

Nikacheka. (Mtanisamehe.)

Nikamweleza kwamba mimi nasomesha zile za mbinguni. Ziko nyota mbili huzungukana, lakini kwa macho waona moja tu. Pengine ya pili haionekani hata kwa darubini.

"Sasa mwajuaje kama ipo?"

"Ile inayoonekana huyumba, bibi. Mwenziwe anaivuta."

Akatazama mlangoni kwangu, vilipo viatu vya marehemu mume wangu. Mwaka wa pili huu, sijaviondoa.

"Hiyo naijua," akasema.

Akainama, akavipangusa vumbi kwa upindo wa leso yake, akavirudisha palepale. Kisha akaenda zake, karatasi akaisahau.

Nimeshindwa kuendelea kusahihisha.

Na nyinyi, nani mwengine bado ana viatu mlangoni?