Munyu wa Duka la Navalayo

Musimbi hakuwa mtu wa kukaa. Namwambia hivyo hadi leo, na hadi leo hukasirika. Duka lake na langu katika soko la Kakamega yalitenganishwa na ukuta wa mabati tu, kwa hiyo nilisikia viatu vyake kutwa nzima: anakwenda mlangoni, anarudi, anapangua debe la kumbikumbi wakavu alilolipanga sasa hivi.

"Mama, keti," nilimwambia. "Kwani wewe huchokangi?"

"Nikiketi nitaanza kufikiria, mzee Osundwa."

Na la kufikiria alikuwa nalo. Duka lilikuwa la nyanyake, kisha la mama yake, Navalayo, na sifa yake yote ilitokana na kitu kimoja: munyu, ile chumvi ya maji inayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Ulezi na uyoga mkavu ungevipata popote. Munyu wa Navalayo watu waliufuata kutoka Iguhu hadi Navakholo, maana bila huo walisema mboga ya mrenda haivutiki. Magadi ya kulainishia mboga, niliyoyauza mimi kando ya mafuta taa, Navalayo aliyaita sumu ya wavivu, tena kwa sauti ya kuvuka ukuta. Musimbi akiwa msichana aliwahi kuyaleta nyumbani, akachapwa hadi majirani wakaingilia.

Mwaka ule wa mvua za El Niño, Navalayo alianguka, upande mmoja wa mwili ukafa ganzi. Musimbi, ambaye alikuwa ameachishwa kazi ya kupiga taipu Nairobi, akarudi kushika duka. Kakake, Protus, alikuwa na mpango wake. Kulikuwa na muuza mitumba aliyekitaka chumba kile. Lakini hata Protus hakuthubutu kuruka desturi ya nyumba yao: anayerithi duka hupika mrenda kwa munyu aliouchuja mwenyewe, na akina mama wa soko huja kuonja. Wakikubali, duka ni lake.

"Wakitema," Protus alisema, "mimi napeana funguo."

Basi Musimbi akakusanya maganda, akayaanika nyuma ya duka. Kila mtu wa Kakamega anajua mvua ya alasiri haipigi hodi, na kila mchuja munyu anajua maganda yakinyeshewa chumvi yote huenda na maji. Yeye alikuwa wapi? Alikwenda kwa fundi kuulizia kufuli, kutoka huko akapitia kwa mshonaji, kutoka huko sijui wapi. Miguu tu! Aliporudi, maganda yalikuwa yanaelea.

Aliyaanika upya, akayachoma, akatia majivu kwenye chungu chenye matundu, akamimina maji juu. Munyu mzuri hudondoka na rangi ya chai ya mkandaa. Huu wake ulidondoka mweupe. Akauonja, akatema, kisha nikamsikia akilia kwa hasira nyuma ya mabati. Kuonjwa kulikuwa kesho yake, na wilaya nzima haikuwa na ganda kavu la maharagwe.

Alipita mbele ya duka langu. Akapita tena. Mwishowe aliingia, akauliza kiberiti huku macho yake yakiwa kwenye kopo la magadi.

"Nifungie kidogo tu," alinong'ona. "Na usiniangalie hivyo."

Nilimfungia donge kwa gazeti, juu yake nikaweka kiberiti, nikanyamaza. Muuza duka asiyeweza kufunga mdomo na afunge duka.

Siku ya pili akina mama wa soko wakaja, mbele yao Awinja muuza samaki, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akisifu kitu. Walimega obusuma, ugali wetu, wakachota mrenda. Musimbi alitoka nje, akarudi, akafuta meza iliyokuwa safi. Awinja alilamba vidole vyote.

"Huu ni wa Navalayo mwenyewe," alisema. "Sijui mlikuwanga na wasiwasi ya nini."

Vigelegele vikapigwa. Protus akatoa funguo mfukoni, akampa dadake.

Ungedhani sasa atatulia. Wapi! Viatu vilizidi kutembea. Alijiona ameliiba duka la mama yake mwenyewe. Jumapili yakamshinda, akaenda nyumbani kwao Iguhu, akapiga magoti kando ya kitanda cha Navalayo. Haya alinisimulia mwenyewe, akiwa bado ananitolea macho.

"Mama, nisamehe. Maganda yalinyeshewa. Nilitia magadi."

Navalayo alimtazama. Siku hizo maneno yalimtoka kwa shida, mdomo umeenda upande.

"Osundwa alikupa donge," aliuliza, "ama unga?"

"Donge."

"Vizuri. Mvua ikizidi, mimi namwambianga donge. Unga unafanya mboga inakuwa chungu."

Musimbi aliketi. 

"Na mbona siku ile ulinichapa?"

"Ulikuwa umeyabeba wazi mkononi," mama yake akasema. "Watu walikuwa wanaona."