Guilan Hakuambiwa

Qiao Guilan alikuwa jirani yangu katika uchochoro ulio nyuma ya Lango la Kusini, mjini Xi'an. Alikuwa mjane, akiuza tambi baridi za siki na pilipili. Mtoto wa kumzaa hakujaliwa. Kituo kimoja cha yatima kilipotafuta watu wa kulea watoto majumbani, alijitokeza, akaletewa kichanga chenye mdomo uliopasuka. Alikinywesha maziwa kwa kijiko, tone kwa tone, akakiita Douer. Mdomo ukashonwa, mtoto akakua, akawa anakaa kwenye kigoda kando ya meza ya tambi akiwatania wateja.

Mwingine aliyekulia nyumbani mwake ni Xuefen, binti wa kaka yake. Alijifunza lugha za kigeni, akapata kazi kituoni hapo ya kuwapokea Wazungu wanaokuja kuasili watoto. Aliwatafsiria, na huku karatasi zao zikishughulikiwa, akawatembeza mjini wajifunze mila zetu.

Guilan alijua ipo siku Douer ataondoka. Alichoomba ni kitu kimoja tu.

"Wazazi wakipatikana, niambie mapema," alimwambia Xuefen. "Nimwandae mtoto. Nao waje hapa tule pamoja, wajue anapenda nini, anaogopa nini."

"Shangazi, mimi si mtu baki. Wewe ndiye utakayejua wa kwanza."

Asubuhi moja ya majira ya kuchipua, Xuefen akaja mbiombio. "Namchukua Douer, daktari anataka kuutazama ule mdomo. Hatukawii."

Guilan alikuwa anasuuza donge la unga majini kutoa wanga wa tambi, mikono imelowa. Hata hakumkumbatia mtoto. Alisema tu, "Mvalishe koti, kuna upepo." Jioni Xuefen akapiga simu kwamba daktari amemlaza mtoto kwa siku chache.

Mimi huuza vishada juu ya ukuta wa mji. Siku chache baadaye nikawaona: Xuefen mbele na kibendera chake, nyuma yake Mzungu mrefu na mkewe, na Douer juu ya mabega ya yule mwanamume, kavalishwa hariri nyekundu, kimya kabisa. Nilimsalimu Xuefen, akajifanya hanijui. Nikamwachia mwenzangu biashara, nikaenda kumwambia Guilan.

"Umemfananisha," alisema.

"Dada, mtoto nimemjua tangu hana jino. Ni yeye."

Akavua aproni.

Tuliwakuta kwenye bustani chini ya ukuta, pale wazee wanapoandika herufi kwa maji juu ya mawe. Yule mama Mzungu alikuwa ameshika brashi ndefu, mzee mmoja akimwongoza mkono, anajifunza kuandika jina la mtoto. Halikuwa Douer. Lilikuwa lile la kwenye karatasi za kituo.

Douer akamwona Guilan. Nilidhani atakuja mbio. Badala yake aligeuza uso, akajificha nyuma ya mguu wa Mzungu.

"Umemwambia nini?" Guilan akamuuliza Xuefen.

"Shangazi, si hapa. Wageni wanatazama."

"Mtoto umemwambia nini?"

"Kwamba umechoka kulea." Sauti ilimshuka. "Ni agizo la mkuu wa kituo. Watoto wakiagwa hulia njia nzima, wageni wakaingiwa na wasiwasi. Akikukasirikia, anaondoka bila shida."

"Nawe ukakubali."

"Ningefukuzwa kazi."

Yule mama akauliza jambo. Xuefen akamjibu kwa maneno mawili matatu, na mama akampa Guilan mkono, akitabasamu kwa adabu.

"Umemwambia mimi ni nani?"

"Mpishi wa kituo," Xuefen akasema, macho chini.

Guilan hakupaza sauti. Alichuchumaa juu ya mawe yaliyolowa. "Douer, mimi sijachoka. Nilidanganywa kwamba unapelekwa kwa daktari."

"Uongo. Dada Xuefen kasema hunitaki."

"Si huyo hapo? Muulize."

Mtoto akamtazama Xuefen. Xuefen akaanza kulia. Douer akamjia Guilan, akampiga ngumi za kifua, kisha akamng'ang'ania shingoni akimwita mama.

Neno hilo yule mama Mzungu hakuhitaji kutafsiriwa. Aliiweka brashi chini, akamgeukia Xuefen na kumhoji kwa ukali. Kumbe nao walidanganywa: waliambiwa mtoto hajawahi kuwa na wa kumwita hivyo.

Waliacha matembezi yao, wakaja uchochoroni. Walishinda kwa Guilan, wakala tambi, wakauliza kila kitu, na safari hii Xuefen alitafsiri bila kuruka neno. Guilan mwenyewe ndiye aliyemwambia Douer kwamba anakwenda mbali, na kwa nini. Mtoto aliondoka akilia, na wazazi wake wapya wakalia naye.

Mwaka Mpya ulipofika, Xuefen alikuja na kikapu cha machungwa. Nilikuwa pale, tunakunja jiaozi, vile vifurushi vya unga vyenye nyama ndani.

"Shangazi, picha si zinakuja? Mtoto si ana furaha?"

"Ana furaha."

"Basi nisamehe."

"Kaa ule, chakula kitapoa."

Akala, akaosha bakuli lake. Alipokuwa anavaa viatu, Guilan akanyoosha kiganja. "Ule ufunguo wa nyumba, uliokaa nao tangu shuleni. Nipe."

Xuefen akauchomoa polepole kwenye pete ya funguo zake.

"Ukija tena," Guilan akamwambia, "bisha hodi."