Siku Geti Langu Liliponyamaza

Hakuna kitu kinachoweza kunishtua mimi. Nasema mapema ili tusisumbuane baadaye. Nimewahi kuanguka kutoka ghorofa ya pili nikichomelea dirisha la mteja, nikainuka, nikajipangusa, nikapanda tena kumalizia. Nimewahi kufika kazini asubuhi nikakuta wezi wamebeba kila kipande cha chuma, wakaacha kufuli tu, na kabla ya saa sita nilikuwa nimeshaanza kazi upya. Mtu wa namna hiyo utamshtua na nini?

Mimi ni fundi wa mageti. Shule niliishia darasa la sita na sijawahi kuona nilikosa nini. Pita barabara ya Shinyanga, kuanzia Mkolani mpaka Buhongwa, angalia mageti pande zote mbili. Lenye simba wawili ni langu. Lenye tausi ni langu. Lile la bluu la ghorofa ya kona, ambalo watu husimama kupigia picha, hilo nililichora usiku mmoja kwa mkaa sakafuni bila rula. Ukitaka kuhakikisha, inama uangalie bawaba ya chini kabisa, kwa nyuma. Utakuta nukta tatu za moto. Hiyo ndiyo sahihi yangu, na nina mafundi sita ambao hakuna hata mmoja ninayemruhusu kuiweka.

Geti la nyumbani kwangu nimelitengeneza kwa mikono hii, na makusudi kabisa sikulitia grisi. Linalia. Wageni hudhani fundi amejisahau, kumbe fundi ndiye mwenye akili. Mke wangu akilisukuma linaguna kidogo kama mtu anayegeuka kitandani. Watoto wakitoka shule linapiga kelele mara moja na kugonga ukuta. Mgeni huanza, akasita, akaanza tena. Kwa hiyo kwangu haingii mtu bila mimi kujua ni nani, hata nikiwa bafuni na sabuni machoni.

Mwaka huu nilikuwa natimiza miaka hamsini. Watu walinitisha sana na hamsini, lakini mimi naona ni umri mtamu. Nimenunua miwani ya kusomea na nimegundua kwamba kazi zangu za zamani zilikuwa nzuri kuliko nilivyodhani. Magoti yanalalamika nikichuchumaa, basi siku hizi nachora nimekaa. Asubuhi naketi barazani kwenye kiti cha chuma nilichokitengeneza kwa kipimo cha mgongo wangu, nakunywa chai ya maziwa na mihogo ya kukaanga, upepo wa ziwa unapanda mpaka huku kwetu juu ingawa ziwa lenyewe halionekani. Hapo nakaa nusu saa nzima bila kufanya lolote. Nilipokuwa na miaka ishirini ningemcheka mtu wa hivyo.

Sherehe niliipanga kubwa. Ukumbi, mshereheshaji, keki yenye umbo la geti, na kadi za maandishi ya dhahabu. Mke wangu alizigawa zote ndani ya wiki moja, na karibu wote walioalikwa waliitikia. Kadi iliyokuwa inaninyima raha ilikuwa moja tu, ya dada yangu anayeishi ng'ambo ya ziwa, Kamanga.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa. Wazazi wetu wote wametangulia, hivyo yeye ndiye pekee aliyebaki duniani aliyeniona siku niliyozaliwa. Ndiye aliyetumwa kumkimbilia mkunga, na mvua ilikuwa inanyesha. Maji yangu ya kwanza kuogeshwa aliyachota yeye ziwani. Na kuna jambo jingine, ambalo mafundi wangu nilikuwa sijawahi kuwasimulia. Nilipotoka kijijini kuja mjini kujifunza ufundi, mwenye karakana alinikataa. Alisema mikono yangu midogo, nitajichoma bure. Dada akamwambia: mchukue huyu, mimi nitawapikia mafundi wako. Akapika miaka miwili bila kulipwa senti. Wenzake walikuwa wanaolewa, yeye anakoroga ugali wa watu kumi na wanne nyuma ya karakana ili mimi nifundishwe kushika chuma.

Sasa, miaka minane iliyopita kulikuwa na harusi ya mtoto wa ndugu yetu. Nilipewa kipaza sauti nimuase bwana harusi. Nikasema, na nakumbuka kila neno kwa sababu lilipigiwa makofi: "Kijana, jifunze kwangu. Mimi nimejitengeneza mwenyewe. Hakuna mtu aliyenishika mkono." Dada alikuwa meza ya mbele na sahani ya pilau. Akaweka kijiko chini, akajifunga vizuri kanga yake, akatoka. Tangu siku hiyo hakuwahi kupita kwenye geti langu. Tukikutana msibani namwamkia shikamoo, anajibu marahaba, basi, imeishia hapo.

Kadi yake ilirudi baada ya siku nne. Aliirudisha kwa mama mmoja anayevusha samaki, akampa na maneno ya kumwambia mke wangu: "Mwambie aliyejitengeneza mwenyewe ajikatie keki mwenyewe."

Nilicheka. Nikasema wanawake wana visirani. Mke wangu hakucheka. Akaniambia nivuke nikamwone, nami nikajibu kwamba anayetimiza hamsini ni mimi, kwa nini nivuke mimi? Akaendelea kukunja nguo. Huyu mwanamke akitaka kunishinda huwa anakunja nguo.

Jumapili iliyofuata nilipanda kivuko. Sikumwambia mtu, nilisema naenda kuona kazi. Nilisimama ukingoni nikaangalia mji ukibaki nyuma na mawe yake na nyumba zilizopanda juu ya mawe, nikawa najaribu kupanga maneno. Mimi ninaweza kuongea na mkurugenzi akaniongezea bei bila kuombwa. Lakini maneno yale yalikuwa hayakai sawa. Kila nikianza nakuta nimerudi kwenye habari za mageti.

Nilimkuta dada kwenye kibanda chake karibu na gati, anakaanga sato. Nikamwamkia. Akaitikia, akanisogezea stuli, akaendelea kugeuza samaki. Wateja walikuja, wakahudumiwa, wakaenda. Nikamuuliza habari za watoto, akasema wazima. Nikamuuliza habari za samaki, akasema si unawaona. Nilikaa hapo karibu saa mbili. Mlango wa kibanda ulikuwa umening'inia, bawaba moja imekatika, na mimi kitu kama hicho kinaniwasha mikono. Nikaazima nyundo na misumari nikautengeneza. Ukawa unafungika kwa kidole.

Dada akaufungua, akaufunga, akaufungua tena.

"Bawaba ni bawaba," akasema. "Mimi nilitaka maneno."

Nikasema kivuko kitaniacha, nikaondoka. Hakikuwa hata kimefika.

Niliporudi nikamwambia mke wangu ukumbi basi, mshereheshaji basi. Nikasema mtu mzima hana haja ya kelele, siku yangu nitakunywa chai kama siku nyingine. Ukweli ni kwamba sikuweza kujiona nimesimama mbele ya watu mia mbili, nasifiwa umri, na shahidi wa umri wenyewe anakaanga samaki ng'ambo. Mke wangu akasema sawa. Alikubali haraka mno, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka kama ningekuwa mtu wa kushtuka.

Siku yenyewe iliangukia Jumamosi. Niliamka kama kawaida, nikaoga. Suti nilikuwa nimeshashonewa kwa ajili ya ukumbi, ya kijivu, nikaona isikae kabatini bure. Nikaivaa, nikaweka simu mfuko wa ndani, nikatoka barazani kunywa chai ndani ya suti. Mtoto wangu wa mwisho alinitazama akakimbilia ndani kucheka.

Nilikunywa chai. Upepo ulikuwa mzuri. Nilikuwa nasikiliza geti bila kujua kwamba nasikiliza, kama mtu anavyosikiliza mvua, na geti lilikuwa kimya. Nikajiambia, umeona, hata jirani hajaja.

Niliponyanyua macho kutoka kwenye kikombe, uani kulikuwa na watu. Mafundi wangu wote sita wamejipanga ukutani. Majirani. Mke wangu na watoto. Wote wamenyata peku mpaka hapo. Na mbele yao amesimama dada yangu, kanga mpya kiunoni, mkononi ameshika dumu la maji la lita tano.

Nitawaambia walivyofanya, maana ni ujanja na mimi huwa nauheshimu ujanja. Wakati naoga, mke wangu alimimina mafuta ya kupikia kwenye bawaba zote za geti, kikombe kizima. Geti la miaka kumi na moja likafunguka kimya kabisa.

Nilitaka kusimama.

"Kaa hapo hapo, bwana mkubwa," dada akasema.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Una miaka mingapi leo?"

"Hamsini."

"Shahidi wako nani?"

"Wewe."

"Na karakana ya kwanza, nani alikupeleka?"

Niliwatazama mafundi wangu. Watu hawa nimewasimulia habari za maisha yangu kila siku wakati wa chakula cha mchana, na katika habari hizo mimi hufika mjini peke yangu, na njaa yangu, na mwenye karakana ananitazama mara moja tu anajua huyu ni moto. Wanaijua kwa moyo. Mmoja huisimulia vizuri kuliko mimi.

"Ulinipeleka wewe," nikasema.

"Sauti. Siku ile ulikuwa na kipaza sauti."

Basi nikasema. Nilisema alivyokataliwa ombi lake mara ya kwanza akarudi kesho yake. Nilisema miaka miwili, ugali wa watu kumi na wanne, moshi uliompa kikohozi mpaka leo. Nilisema nilipojichoma mkono wiki ya kwanza, alinifunga na kipande cha kanga yake, akanirudisha ndani kabla hawajagundua. Mwanzoni niliongea kwa kuangalia vidole vya miguu yangu, lakini kufika kwenye kanga nilikuwa namwangalia yeye. Nikamaliza kwa kusema kwamba nilishikwa mkono, na aliyeushika ni huyu.

Dada alisikiliza ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. Fundi wangu mkubwa akakohoa.

"Haya," akasema dada. Akafungua dumu, akanimwagia lote. Kichwani, shingoni, ndani ya kola. Hapo ndipo makelele yalipoanza, na watoto wakaja na ndoo zao, na majirani na sufuria zao, kama watu wanavyomfanyia yeyote aliyeongeza mwaka. Lakini maji ya kwanza yalikuwa ya ziwa, ya upande wa kijijini kwetu. Aliyachota alfajiri palepale aliponichotea siku ya kwanza, akavuka nayo kwenye kivuko cha kwanza, dumu likiwa mapajani.

"Sasa nipeni chai," akasema, akakaa kwenye kiti changu.

Keki ilikuwepo, mke wangu hakuwa ameifuta. Dada aliikata yeye, akanilisha kipande kilichonijaa mpaka masharubuni. Baadaye mke wangu alikiri kwamba Jumapili ile ile jioni dada alimpigia simu, akamwambia: "Amekuja, ameshindwa kusema, amenitengenezea mlango. Ameanza kuiva, wifi." Yaliyobaki waliyapanga wenyewe.

Jioni nilimpeleka dada kivukoni kwa gari. Tulipotoka, akateremsha kioo akalitazama geti likijifunga bila sauti.

"Liache hivyo hivyo," akasema. "Nitakuwa nakuja bila kukupa taarifa."

Nimeliacha. Sasa hivi sijui nani anaingia kwangu, na nimeshazoea. Kushtuka, sikushtuka, mashahidi wapo, nililowa tu. Ila simu ilikuwa mfukoni. Ilikaa siku tatu kwenye ndoo ya mchele na haikuamka, nikaipeleka mjini, fundi akataja bei ya kitajiri, nikamshusha mwenyewe bila kusaidiwa na mtu. Kioo na mfumo wa chaji laki moja na arobaini elfu, dobi wa suti elfu kumi na mbili, bodaboda elfu moja na mia tano. Jumla, shilingi laki moja hamsini na tatu elfu na mia tano.